Mlango Uliofungwa Mchana

Hapa kwetu Kasulu mtu mzima hafungi mlango mchana. Akiufunga, basi anaumwa, au kuna jambo. Mimi niliufunga kwa sababu nilikuwa nafanya kazi, lakini nenda kamweleze mtu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya majaribio. Ofisi moja ya Dar es Salaam ilinitumia mahojiano ya wakulima wa Heru Juu, yamerekodiwa kwa Kiha, niyasikilize na kuyaandika kwa Kiswahili. Nikiyawasilisha kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, wananiajiri. Nikichelewa, anapewa mwingine. Nilikuwa nimerudi kwa mama, kwenye chumba changu cha utotoni, na kazi ile niliitaka kwa kufa na kupona.

Ijumaa asubuhi nikaweka spika masikioni. Hodi! Jirani yetu, mama mtu mzima, na kichane cha ndizi.

"Mwakeye," akasema, akachuchumaa na kuanza kupiga makofi taratibu. Salamu za kwetu haziendi mbio: unaulizwa nyumba, mihogo, mbuzi, na walioko mbali. Huwezi kuzipokea huku umekodolea kompyuta macho. Nikachuchumaa na mimi, nikapiga makofi, roho inaniuma.

Mwishoni akanigusa shavu. "Pole, mwana wanje, mwanangu. Homa imeshuka?"

"Homa gani?"

Akaniachia ndizi, akaenda zake. Akaja mwingine na uji. Wakaja wanakwaya kuniombea, wakaimba, tena kwa sauti zote nne! Jamani! Mkulima wangu ndani ya kompyuta alikuwa bado palepale, anaeleza maharage yake yalivyooza. Nilikuwa nimemrudisha nyuma mara nyingi hadi nikayachukia maharage yenyewe.

Nikatoka kwa hasira hadi jikoni.

"Mama, nani kawaambia naumwa?"

"Mimi." Hata hakuinua macho, anachambua mboga.

"Kwa nini unaniharibia kazi?"

"Walikuwa wanasema umefukuzwa huko mjini, umekuja kujificha. Ningewaambia unafanya kazi chumbani, nani angeamini? Mgonjwa hasemwi."

Nilitaka kupiga kelele. Nilikuwa nimefukuzwa kweli, na yeye ndiye mtu pekee niliyemwambia.

Nikarudi chumbani, nikaandika kama mwendawazimu. Bado walikuja wengine, bado nilichuchumaa. Kazi niliituma saa kumi imeshapita. Jibu halikukawia: asante, tumeshampata mtu. Nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Hodi tena. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, kasafiri kutoka Kakonko kwa ajili yangu, vumbi hadi kwenye kope. Mama alikuwa nyuma yake, kambebea mzigo.

"Nimeambiwa huko njiani eti huumwi, umefukuzwa kazi," shangazi akasema. "Nikawajibu waache uongo. Hebu niambie mwenyewe."

Mama aliushikilia ule mzigo kifuani, akanitazama.

"Naumwa, shangazi," nikasema.