Uji wa Kiganjani

Laiti ningekataa kumshika Kahindi kichwa. Uji wa mtama ulikuwa bado unafuka mvuke, nyumba yetu ya Kisauni inanukia, na nyanya yangu, tuliyemwita Hawe, amemlaza mdogo wangu mapajani. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba tunavunja agizo.

Ilikuwa masika, miaka ile ya vita. Kahindi, ambaye hata kutambaa hajaanza, alishikwa na kichomi, mbavu zikawa zinabonyea kila akivuta pumzi. Nesi Raheli wa zahanati alikuja kwa miguu kwenye tope. Alimwonyesha mama namna ya kumwegemeza mtoto kifuani, asimlaze chali kamwe, na kumlisha kwa kijiko kidogo kidogo, akimwacha apumue kwanza. Mama alikaa ukutani hivyo, kijiko mkononi, akikataa kusikiliza majirani. Hatimaye joto likashuka, Kahindi akaanza kunishika pua na kucheka.

Hawe hakuridhika. Kwetu mtoto alikuzwa kwa uji wa kiganjani: hulazwa, kiganja kikawekwa mdomoni kama mfereji, uji ukamiminwa, apende asipende. Alimtania mama kwamba anamlisha mtoto kama kifaranga. Mama alipokwenda kisimani, Hawe aliniita.

“Njoo umshike, mjukuu wangu. Amebaki mifupa.”

“Nesi amekataza, Hawe.”

“Huyo nesi amezaa wangapi? Baba yako nilimlea hivihivi. Shika.”

Nikashika. Kahindi alipaliwa, midomo ikawa ya kijivu. Mama aliporudi aliangusha mtungi, akamwinua, akampigapiga mgongoni mpaka akalia, kisha akambeba mbio hadi zahanati. Yeye na Nesi Raheli walipokezana kumkalisha usiku na mchana, wala hawakukata tamaa. Lakini uji ulikwisha kuingia mapafuni, na kichomi kikarudi kwa nguvu. Hawe simlaumu, aliogopa njaa. Agizo nililisikia mimi.

Mwaka jana kitukuu changu aliugua vivyo hivyo. Hospitalini walimwekea mpira wa hewa puani, wakainua kitanda upande wa kichwa. Mimi nilikaa mlangoni, nikiwarudisha jamaa na chupa zao za uji, nao wakaniita mzee mkorofi. Mtoto yule sasa anakimbia. Kahindi alikufa kabla mvua hazijakatika. Mama hakuzaa tena, nami nimeishi hadi uzee huu bila ndugu.