Kisanduku Karibu na Taa

Fundi umeme wa gereji yetu hapendi waya uonekane. Mwambie tu kwamba mmoja unachungulia, utadhani umemtukania mama yake. Mimi mpiga rangi huwa bado nasugua boneti kwa msasa, yeye keshapitisha nyaya zote nyuma ya madigadi, na kisanduku cha fyuzi keshakificha chini ya kifuniko cha bati alichokikunja mwenyewe. Kingo zake huzipapasa kwa kidole gumba, kisha hupuliza vumbi ambalo halipo.

Ila kisanduku chenyewe hukiweka mbele kabisa, chini, karibu na taa. Jana mwenye gari, mrefu kama mlingoti, alipiga magoti kukitafuta. "Fundi, si utanivunja kiuno? Kwa nini usikiweke kule nyuma ya injini, karibu na kioo cha mbele?" "Kule mtu mfupi hafiki." "Kwangu hakuna mfupi, bwana." Fundi alifunga kifuniko, akakifuta kwa kiganja, akatazama getini kama aliyesikia hodi. Nami nikatazama ile ndoo iliyopinduliwa ukutani, ambayo hakuna anayethubutu kuchotea maji. Shemeji, mke wa fundi, ndiye aliyekuwa akimkagulia fyuzi, na alikuwa akipanda juu ya ndoo hiyo kwa sababu mkono wake haukufika. Tuliwacheka wote wawili. Mwaka jana Shemeji alirudi kwao, na tangu hapo mumewe anatengeneza magari yasiyohitaji ndoo.