Chokoleti Iliyopimwa Homa

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha peremende pale Thika, nyapara wetu Otieno alinivuta kando akaniambia chokoleti ni kitu kilicho hai. Nikaamini kabisa. Ungefanyaje, nawe unamwona mtu mzima mwenye koti jeupe la daktari akiingiza kipimajoto ndani ya pipa la chokoleti, kisha akiguna kwa huzuni?

Huyo alikuwa fundi Mswisi, aliyeletwa na mwenye kiwanda, Mhindi mmoja, atufundishe kazi. Tulimwita Bwana Fundi. Urefu wake, tuseme alikuwa akipangusa mabati kwa nywele. Alipenda kutusimulia ya kwao: "Babu yangu anza na jiwe moja, mto nazungusha. Chokoleti yake chungu, natafuna kama mchanga. Baba yangu tia maziwa, acha mashine koroga siku tatu bila simama. Sasa laini, watu nalia!"

Siku tatu! Nikamnong'oneza Otieno, "Na ikisimama?"

"Inakufa, ndugu yangu. Na aliye zamu anaenda nayo."

Nilipewa meza ya marumaru. Hapo chokoleti ya moto humwagwa, ikapoozwa kwa mwiko mpana, kisha ikapashwa kidogo ili ikiganda ing'ae. Kazi hiyo niliifanya hadi kustaafu, lakini mwaka ule nusura initoke. Ilikuwa Hali ya Hatari ya wakoloni. Mkikuyu kama mimi akifutwa kazi alipakiwa lori, akarudishwa rizavu, kwenye ardhi tuliyotengewa, nami nilikuwa na mke na mtoto mchanga katika chumba kimoja Ruiru.

Asubuhi moja ya Julai, baridi ya kukata masikio, nikafunua trei zangu. Uuui! Ukelele nilioupiga ulisikika, naapa, mpaka kitongoji cha Kahawa. Chokoleti yote ilikuwa imepauka, kijivu kama miguu isiyopakwa mafuta.

"Karanja, umeiua!" Otieno akaruka nyuma. "Umetia jivu?"

"Jivu la nini? Mimi mwehu?"

Mwenye kiwanda akaja, akashika kichwa. "Arey! Hii oda ya hoteli! Nani alikuwa mezani?"

Vidole vyote vikanielekea. Kichwani nililiona lori, nikamwona na mke wangu juu yake, mtoto mgongoni.

Bwana Fundi akapenya katikati yetu, akavunja kipande, akakitia mdomoni. Anakula maiti! Masomo niliyohudhuria jioni yalikuwa yamenifikisha kwenye sarufi, hayakuwa yamefika kwenye kakao. Nikavua kofia, nikasema kwa heshima zote, "Pole kwa msiba, Bwana."

Akaacha kutafuna, akanitazama.

"Msiba gani? Hapana kufa, Karanja. Hii mafuta yake tu, napanda juu kwa sababu mchana joto, usiku baridi. Yeyusha, pima, mwaga tena."