Gari Lililozimika Likifumbua Macho

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kushika hata spana. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na nilivaa shati jeupe la shule kwa sababu sikuwa na jingine la heshima. Mkuu wa Karakana wa shirika moja la mabasi pale Dar es Salaam alinitazama kuanzia kola mpaka viatu.

"Hilo shati mama yako ana sabuni ya kulifua?" akauliza, na mafundi wote wakacheka.

Kisha akanipa balbu ya taa ya breki iliyounganishwa na nyaya mbili. Kazi yangu ikawa kumfuata fundi umeme, kugusisha nyaya hizo pale atakaponionyesha, na kumwambia kama balbu inawaka au haiwaki. "Maoni yako kaa nayo," Mkuu akaniambia. "Sema inawaka, sema haiwaki, basi." Kwa muda mrefu hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu yote kazini, na hadi leo sijutii. Ninyi vijana mnaoanza na mita ya tarakimu na mashine ya kusoma kompyuta ya gari mnajua mengi ambayo sisi hatukuyajua, lakini balbu ina jambo moja la kuwafundisha. Mita hainywi umeme. Waya uliokatika ndani ukabaki na uzi mmoja tu utaionyesha mita volti kumi na mbili kamili, na ukiupa kazi ya kuzungusha mota, unazimia. Balbu inakunywa, kwa hiyo haidanganyiki kirahisi. Umeme wa namna hiyo mimi nauita umeme hewa, kama wafanyakazi hewa: kwenye hesabu upo, kazini haupo.

Baada ya mabasi nilifanya kazi katika gereji ya Mhandisi mmoja mkali aliyetaka kila waya ufungwe kana kwamba waziri atakuja kuukagua. Huko ndiko nilikopata jina. Gari likizimika barabarani na kuwaka likifika gereji, yaani tatizo la kuja na kuondoka, ambalo ndilo tatizo gumu kuliko yote katika umeme wa magari, Mhandisi alikuwa akisema, "Mpeni Kondo." Nilijivuna, na sioni haya kusema hivyo. Tatizo la kudumu hata mtoto wa shule atalipata, kwa sababu linakaa likikusubiri. Lile la kuja na kuondoka lazima ulitege.

Jina hilo ndilo lililonileta Guangzhou. Mfanyabiashara wa Unguja alikuwa na ofisi ya mizigo mtaa wa Sanyuanli, akisafirisha spea kwenda nyumbani, na alichoka kupokea malalamiko ya alternata na stata zilizokufa kabla ya kufungwa kwenye gari. Akanichukua nizikague kabla kontena halijafungwa na kupelekwa bandari ya Nansha. Tulimwita Meneja. Ofisini hapakuwa na meza ya kupimia, kwa hiyo alinitafutia nafasi katika karakana ya fundi mmoja wa Kichina, Shifu Lu. Shifu ni fundi aliyebobea, mtu ambaye wengine wamejifunza kwake, na hapa huwezi kumwita fundi mzee kwa jina tupu.

Shifu Lu na mimi tulielewana kwa Kichina changu cha sokoni na kwa mikono. Siku moja nilimsikia akiuita waya wa chanya huoxian. Nilipouliza maana yake akawasha kiberiti akanionyesha: waya wa moto. Nilifurahi kupita kiasi. Nasi nyumbani tunasema waya huu una moto, ule hauna moto! Nikaona kumbe umeme una lugha moja, na mafundi wa dunia nzima wanauita hivyo hivyo. Furaha hiyo ndiyo iliyoniponza, kama mtakavyoona.

Ndipo likaja lile gari. Lilikuwa gari la michezo la Kijapani, jekundu, la viti viwili, la zile enzi za taa za mbele zinazolala ndani ya boneti na kuinuka ukizihitaji. Mwenye nalo alikuwa mama mmoja mwenye kiwanda cha jinzi kule Xintang. Watu wote walimwita Laobanniang, yaani mke wa bosi, ingawa bosi mwenyewe alikuwa amefariki na kiwanda alikiendesha yeye. Gari lilikuwa la marehemu. Lilikuwa limeshindwa ukaguzi wa serikali mara moja, na kituoni walimwambia wazi kwamba likiendelea kushindwa litafutiwa namba na kukatwa chuma chakavu.

"Linazimika likifumbua macho," alisema, akimaanisha zile taa. "Lakini si kila mara."

Tukalijaribu. Tuliziinua taa, tukazilaza, tukaziinua tena. Injini ikaendelea kunguruma bila wasiwasi. Shifu Lu akainama mbele ya gari, akagonga bodi kwa kidole, akasema neno moja: "Datie."

Nilimwuliza maana yake. Akachukua kipande cha waya akakigusisha kwenye chuma cha gari. Kugusa chuma.

Fundi yeyote wa kwetu akiambiwa waya umegusa chuma atasema nini? Shoti! Sisi kila kitu ni shoti. Taa hafifu, shoti. Betri imekufa, shoti. Redio haipati stesheni, shoti. Nikaamua kwamba mahali fulani waya wa moto umechubuka na unagusa bodi gari likitikisika. Kwa kuwa neno la waya wa moto lilikuwa limelingana na la kwetu, sikuona sababu ya kulitilia shaka na hili. Nikazichana nyaya za gari lile, zilizofungwa kiwandani kwa ustadi ambao hata Mhandisi wangu angeusifu, nikazifuata moja moja. Nyingine nilizikata na kuziunga upya. Chini ya usukani nikakuta waya mmoja umechubuka kweli. Nikamwita Shifu nikamwonyesha.

"Datie!" nikasema kwa ushindi.

Akatikisa kichwa. "Datie," akasema, akionyesha mbele ya gari.

"Ndiyo, datie," nikamjibu, nikiufunga ule waya kwa utepe. Tulikubaliana kabisa, kila mtu na lake.

Laobanniang alilipeleka gari kwenye ukaguzi. Lilirudi juu ya gari la kuvuta magari mabovu. Mkaguzi alikuwa ameagiza taa ziinuliwe. Zilifika nusu, injini ikafa.

Hapa ninyi vijana nisomeni vizuri, kwa sababu sikuwa mwanafunzi tena siku hiyo, nilikuwa mtu mzima mwenye jina. Nililiwasha gari likawaka mara moja. Nikaziinua taa, zikainuka. Nikamgeukia mama yule, mbele ya mafundi wengine, nikamwambia: "Laobanniang, gari ni zima. Ni mguu wako. Unaachia klachi vibaya."

Alimwambia Shifu maneno mafupi kwa Kikantoni, akaondoka kwa miguu kwenda kupanda treni. Nilimwuliza Shifu amesema nini, akakataa kunitafsiria.

Meneja alipopata habari alikuja karakanani na tasbihi yake mkononi. "Skiza, we Kondo," akaniambia. "Mimi nimekuleta ukague alternata zangu, weye umejitia ndani ya gari la mjane wa watu. Haya, umelipasua matumbo. Utalirudisha vipi?"

"Gari ni zima, Meneja."

"Zima lipi linaloletwa limebebwa? Hata maiti huletwa imebebwa."

Shifu Lu alikuwa amesikiliza bila kuelewa Kiswahili, ila nadhani uso wangu aliuelewa. Alichukua tena kipande cha waya. Akakigusisha kwenye bodi: "Datie." Akatabasamu na kuinua kidole gumba. Kisha akauinua waya, ukabaki hewani. "Meiyou datie." Akakunja uso.

Meiyou kila mfanyabiashara wa Sanyuanli analijua, ndilo neno la kwanza utakaloambiwa sokoni: hakuna. Hakuna kugusa chuma. Nikakaa chini juu ya tairi. Kumbe kwake datie lilikuwa jambo jema! Katika gari, waya wa moto ndio unaosafiri. Upande wa hasi haurudi kwa waya mpaka mwisho, unafungwa kwenye bodi kwa bolti, na chuma chenyewe kinaurudisha umeme kwenye betri. Mguso huo ndio datie. Shifu hakuwa akisema kwamba waya umegusa chuma pasipotakiwa. Alikuwa akisema kwamba waya haugusi chuma panapotakiwa. Mimi nilikuwa nimetafuta kinyume chake, na kwa ajili hiyo nilikuwa nimezikata nyaya ambazo hazikuwa na kosa.

Tukaanza upya, mara hii kwa kutega. Yalikuwa majira yale ya unyevu ya Guangzhou, kuta zinapotoa jasho na nguo hazikauki. Tuliiacha injini ingurume mpaka ikachemka vizuri, kwa sababu gari baridi lilikuwa halijawahi kutuonyesha kitu. Nikachukua balbu. Waya wake mmoja niliuweka kwenye hasi ya betri, wa pili kwenye kishikizo cha waya wa hasi kilichofungwa kwa bolti nyuma ya taa ya kushoto. Hasi na hasi: pande zote mbili ni sawa, kwa hiyo balbu haina sababu ya kuwaka. Ikiwaka, maana yake umeme umekosa njia ya kurudi kupitia bolti na unapita kwenye balbu yako.

Shifu akaziinua taa. Hakuna. Akazilaza, akaziinua. Hakuna. Akaitikisa bodi kwa kiganja na kuziinua tena, na balbu ikawa nyekundu kama kaa la sigara, injini ikakohoa, ikafa.

"Inawaka!" nikapiga kelele kwa Kiswahili.

"Inawaka!" akaitikia Shifu, bila kujua anasema nini.

Tuliifungua bolti. Chini ya kishikizo, mahali ambapo pangetakiwa kuwa chuma kitupu, palikuwa na rangi nyekundu, safi, inang'aa. Rangi haipitishi umeme. Tangu gari lipakwe rangi hiyo, umeme ulikuwa ukijipenyeza kupitia nyuzi za bolti tu, na mota za taa, kompyuta ya injini na koili za plagi vyote vilitegemea mlango huo mmoja mwembamba. Injini ikipata moto na mota za taa zikidai umeme mwingi kwa pamoja, mlango unafungwa.

Nilimwomba Laobanniang aje aone kabla hatujapagusa. Alikuja na mavazi yake ya kiwandani, vumbi la jinzi mabegani, akainama.

"Nani alikosea?" akauliza.

Shifu akanitazama. Kusema ni kutu kungekuwa rahisi, na hakuna ambaye angenibishia. Nikasema, "Aliyepaka rangi. Hakukwangua chini ya bolti. Gari lilipakwa lini?" Swali hilo ndilo nililopaswa kuanza nalo siku ya kwanza: tatizo lilianza lini, na kabla ya hapo gari lilifanywa nini.

"Alilipaka mume wangu mwenyewe, nyuma ya kiwanda," akasema. "Hakutaka mtu amsaidie." Akaigusa ile rangi kwa ukucha. "Na tangu hapo, kila likinizimikia, alisema ni mguu wangu." Kisha akanigeukia. "Kama wewe."

Shifu Lu alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilimwomba radhi pale pale, mbele ya mafundi wale wale. Nililikosea tamko la neno. Akanisahihisha, nikalisema tena mpaka akaridhika.

Tulipakwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukapaka grisi juu yake, tukafunga. Siku ya ukaguzi nilikwenda naye. Mkaguzi aliagiza taa ziinuliwe. Zikainuka, zikalala, zikainuka, na injini haikubadilisha hata sauti. Gari likapita.

Sasa nimestaafu. Naishi kwa binti yangu hapa hapa Guangzhou, na mikono yangu haiwezi tena kushika waya mwembamba. Mafundi wa nyumbani hunitumia sauti za injini kwa simu, na mara nyingi nawapatia jibu. Najivunia hilo, kama ninavyojivunia makontena yote yaliyofika bila malalamiko. Zile nyaya nilizozikata zimeungwa vizuri, lakini hazitakuwa tena kama zilivyotoka kiwandani, na kila nikilifikiria gari lile nafikiria pia viungo vile vilivyofichika chini ya usukani, vyenye alama ya mkono wangu.

Tulipotoka kituoni siku ile nilinyoosha mkono kupokea ufunguo, kwa mazoea ya fundi anayerudisha gari. Laobanniang akanionyesha mlango wa kulia, maana huku usukani uko kushoto. Nikaketi kama abiria. Alikwenda nami mpaka Xintang kwa barabara kuu, akayapita malori ya makontena moja baada ya jingine, akipandisha na kushusha gia, taa zimeinuliwa mchana kweupe. Nilitega masikio njia nzima, na sikusikia hata mara moja alipoachia klachi.