Sauti Niliyoifuta Dukani

Nianze na ujinga wangu: nilifuta sauti ya marehemu baba. Yaliyofuata yalitokea kweli, Kariakoo, mchana kweupe, na sikuwa na homa. Cheka, ila nisikilize.

Baba alituachia kiduka ghorofani chenye kompyuta moja kubwa. Ndani yake tunapangisha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, kama vyumba Buguruni: wengine wanachangia prosesa, ule ubongo wa kompyuta, wengine wana yao peke yao. Baba alikuwa akimuuliza mteja anataka ipi huku anamenya chungwa, majibu anaandika kwenye kipande cha boksi. Hadi leo nikinusa chungwa namkumbuka.

Mashine moja, yenye prosesa yake, ilipokea simu za duka kwa sauti ya baba aliyoirekodi: "Karibu, subiri kidogo, tunakuja." Kila Ijumaa baada ya swala mama alipiga. Hakuwa na shida yoyote. Alisikiliza tu, akakata.

Ijumaa hiyo, shule zimefungwa, nilikuwa natengeneza ukurasa ili wateja wajichagulie wenyewe: kumbukumbu kiasi gani, prosesa ngapi. Vifurushi nikaviita Mgeni, Mpangaji na Mwenye Nyumba. Nikajiona mkali balaa! Prosesa ya kujaribia ikakosekana, nikaifuta ile mashine yenye sauti ya baba. Nakala? Nani aliweka nakala! Ndipo nikakumbuka kwamba mama atapiga muda si mrefu.

"Dogo, asiyetaka kuchangia anabonyeza wapi?"

Nikageuka. Kijana tu, shati la kahawia la kola ndefu, mwanya mbele. Na mlango nilikuwa nimeutia komeo, niamini.

"Bro, tumefunga."

"Majina umeyapatia. Ila kuna kitu umesahau."

Akainama, akagusa kioo: prosesa moja, ya peke yake. Chini yake likatokea chaguo ambalo sikuliweka mimi: *Isifutwe bila kumuuliza mama.* Akalibonyeza.

Simu ikaita. Nikaitupia jicho mara moja tu. Kurudisha macho, hayupo, komeo palepale. Spika ikapokea, kwa sauti ya baba: "Karibu, subiri kidogo, mtoto anajifunza."

Ulishasikia wapi rekodi inabadilisha maneno?

Hadi leo nikilitoa lile chaguo, kesho yake nalikuta. Nimeacha kushindana nalo. Na wewe, kabla hujafuta alichoacha mtu, uliza kwanza nani bado anakipigia simu.

Siku ile, baada ya kusikia simu, mama alipanda ngazi mbio, anahema. Nikamsimulia yote, shati, mwanya, kila kitu. Akatabasamu kama binti.

"Shati hilo ndilo alilokuja nalo kwetu kuposa," akasema. "Na wewe hukumpa hata kiti?"