Aliyeitwa na Aliyejiita

Watoto wangu wanaziita anime, na wanazitazama kwenye simu wakiwa wamelala chali. Sisi tuliziita katuni za macho makubwa. Juzi binti yangu mkubwa alikuwa anamsikitikia msichana mmoja wa humo, eti tangu azaliwe watu wazima wamempangia kila kitu, hana uhuru, maskini. Nikamwambia asinichoshe. Mimi nimewahi kuishi na msichana wa namna hiyo, nimelala naye kitanda kimoja, na sikumsikitikia hata siku moja. Nilimwonea wivu mpaka chakula kikawa hakipiti.

Huyo alikuwa dada yangu, aliyenitangulia kwa miaka miwili. Tulikaa Matogoro, chini ya vilima vya msitu, baba akiwa katekista wa kigango na mkulima wa mahindi kama kila mtu. Dada alizaliwa mgonjwa. Mama alimbeba mpaka hospitali ya misheni, na huko, madaktari walipoanza kutazamana bila kusema, akamwahidi Mungu kwamba mtoto akipona atakuwa wake, atakuwa mtawa. Mtoto akapona. Mimi nilizaliwa mzima, nalia kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mto, na hakuna aliyeona sababu ya kumwahidi Mungu lolote juu yangu.

Basi dada akawa mtu wa kulindwa. Haruhusiwi kwenda kutazama lizombe, ngoma yetu ya baada ya mavuno, maana huko kuna vumbi na wavulana. Haruhusiwi kwenda kisimani jua likishashuka. Baba alimfundisha kusoma somo la Jumapili kwa kumsimamisha sebuleni, neno kwa neno, na akikosea anaanza upya. Mama alimfundisha kudarizi. Akishona vibaya kitambaa kinafumuliwa chote. Akikohoa, nyumba nzima inasimama. Mimi nilifunguliwa asubuhi kama kuku, nikarudi jioni miguu imechanika na mdomo umejaa utomvu wa masuku, matunda ya porini, na kila mtu akaendelea na shughuli zake. Wenzangu shuleni walisema nina bahati. Bahati ya nini? Nilikuwa nimeikariri ile sauti ya baba anapomwita dada, na mara nyingi nilikimbia kuitika mimi. Alikuwa anasema tu, "Si wewe," wala hakusema kwa ukali.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya mjini Songea yalipojaa ghafla sabuni za rangi na viatu vya plastiki, na kila mwenye ubavu akageuka mfanyabiashara. Jirani yetu alikuwa na lori, anapeleka mahindi Dar es Salaam na kurudi na mitumba. Safari moja akarudi na televisheni, deki, na mfuko wa mikanda ya video. Mingi ilikuwa ya mapigano. Mkewe, mwimbaji wa kwaya na mwanamke wa kelele nyingi, alisema hataki watu wanaochinjana sebuleni kwake siku ya Bwana, kwa hiyo Jumapili baada ya misa, umeme ukiwapo, ilikuwa zamu ya katuni na zamu ya watoto. Baba akakubali dada aende. Katuni, alisema, ni mambo ya watoto, haziwezi kumfundisha mtu ubaya.

Maneno yalikuwa ya Kijapani na hakuna aliyeelewa hata moja. Mama mwenye nyumba akajipa kazi ya kutufasiria, na kwake yeye kila ugomvi ulikuwa wa mahari. "Huyu mzee anadai ng'ombe zake," anasema, "hamuoni kidevu hicho?" Mwishowe tukaacha kumsikiliza, tukaelewa kwa macho.

Kulikuwa na mlima, na ndani ya mlima kitu kikubwa kimelala. Ili kisiamke, lazima ngoma ipigwe kila alfajiri. Mpigaji alikuwa msichana mwenye msuko mrefu, ambaye babu yake alimfunga uzi mwekundu mkononi siku aliyozaliwa. Hachezi na wenzake. Anafundishwa ngoma mvua ikinyesha, anafundishwa vidole vikitoka damu, na babu amesimama nyuma yake na fimbo. Halafu kulikuwa na mwingine, mwenye nywele fupi, hana babu wala uzi. Hakuna aliyemtuma. Anapanda dirishani, anaiba vijiti vya ngoma, anajifundisha kwa kugonga magogo. Anakamatwa, anafukuzwa, anarudi tena.

Chumba kizima kilimpenda wa nywele fupi. Kila akiparamia dirisha, watoto makofi. Dada hakuwa mtu wa kelele. Alikaa amebana mikono katikati ya magoti, lakini huyo akitokea tu, alisogea mbele mpaka karibu aanguke kutoka benchini. Mimi nilibaki peke yangu upande wa mwenye msuko.

"Unampendea nini yule?" dada aliniuliza tukirudi nyumbani. "Hajafanya hata jambo moja kwa kutaka kwake."

"Kwani lazima? Ana babu wa kumwamsha. Kijiji kizima kinamsubiri yeye. Huyo wako akifa leo, nani atajua?"

"Lakini akiinuka asubuhi anajua kinachomwinua. Amejichagulia."

"Amejichagulia kwa sababu hakuna aliyemchagua."

Tulifika nyumbani tukapokelewa, yaani yeye alipokelewa. Mama alimwuliza kama benchi la jirani halikuwa na baridi.

Nimetazama nyingi tangu hapo, kwanza na wadogo wa mume wangu, sasa na wanangu, na naona karibu zote zinazunguka hapo hapo. Kijana anapigana kwa sababu wakubwa wamemwekea mzigo begani, au anapigana kwa sababu moyo wake wenyewe umewaka. Watengenezaji wanapenda huyu wa pili ashinde, na watazamaji wanalia machozi akikata kamba. Sawa. Lakini naona wanasahau kwamba kuna njaa ya kuamriwa, na wanaoijua ni wale waliolelewa bila amri. Dada alikuwa amechoka kushikwa, akampenda asiyeshikwa. Mimi sikuwahi kushikwa, nikampenda mwenye uzi. Ungetuuliza siku zile kwa nini tunampenda fulani, tungesema ana nguvu au ana sura nzuri. Uongo. Kila mmoja alikuwa anatazama sahani ya mwenzake.

Dada alipokaribia kumaliza darasa la saba, Sista mmoja akaja kutoka nyumba ya watawa. Kuku alichinjwa. Baada ya kula alisema mwaka mpya ukianza binti apelekwe, akajaribu wito wake pamoja na wasichana wengine. Akamshika dada kichwani, akamwuliza habari za masomo, akavigeuza vile vitambaa alivyodarizi mbele na nyuma kama mtu anayenunua. Mimi niliambiwa nimbebee mkoba mpaka barabarani. Njiani nikamwambia na mimi najua kudarizi. Ilikuwa uongo mtupu, sikuwahi kumaliza hata ua moja.

"Vizuri sana," akasema akicheka. "Basi msaidie mama."

Niliporudi nilipita kwenye mahindi nikavunja mabua ya watu kwa hasira. Nilikuwa na gere inayowasha kama upupu. Na humo humo shambani nikapiga mahesabu yangu. Mama alikuwa ameahidi mtoto wa kike. Mimi nilikuwa nini, mbuzi? Dada akikataa, ahadi haiwezi kubaki inaning'inia hewani. Itanidondokea mimi, maana mwingine hayupo. Wataniita mimi. Watanisimamisha mimi sebuleni neno kwa neno. Kilichobaki ilikuwa dada akatae.

Kwa hiyo nikabadili timu. Jumapili iliyofuata nilimpigia makofi mwenye nywele fupi kuliko watoto wote, mpaka mama mwenye nyumba akanifinya. Na tulipokaa kuchagua mawe kwenye maharage, nikamwambia dada nimemwelewa sasa, kwamba ni kweli, mtu hafai kusukumwa.

"Wewe kwa mfano," nikasema, "umewahi kuulizwa?"

Aliendelea kuchagua. Lakini siku hiyo maharage yake yalibaki na mawe, na baba alipoyauma mezani hakuna aliyethubutu kucheka.

Kisha ikaja ile Jumapili ambayo babu wa kwenye katuni aliugua. Alimwita mwenye msuko kitandani, akashika kisu, akakata ule uzi mwekundu. "Mahari imerudishwa," alitangaza mama mwenye nyumba. Msichana akatoka kijijini bila kuaga, akafika njia panda, akakaa juu ya jiwe akiutazama mkono wake mtupu. Hapo deki ikaanza kukwaruza. Picha ikawa mistari. Mama mwenye nyumba aliupiga mtambo kofi, na ulipofunguliwa utepe wote wa mkanda ukatoka nje kama utumbo wa kuku. Hatukuuona mwisho wake, na mpaka leo siujui.

"Amekwenda zake," nilimwambia dada tukiwa njiani. "Nani arudi tena kufungwa?"

"Kwani ngoma yenyewe alikuwa haipendi?"

"Hukuona alivyokuwa anafokewa?"

"Kufoka ni kwa babu. Mimi nauliza ngoma. Hatukuwahi kuonyeshwa anapiga bila babu kusimama nyuma."

Nikamwambia aache kutafuta mambo magumu kwenye katuni. Nilitaka afikirie ule uzi tu.

Haikupita wiki. Baba alikuwa uani anatia mpini jembe, dada akaenda akasimama mbele yake, mikono nyuma, vile alivyozoea kusimama akisoma somo. Mimi nilikuwa jikoni na mama, napepea moto.

"Baba, naomba kusema. Sijawahi kuulizwa kama nataka kwenda."

Niliacha kupepea. Mama alisema "Mungu wangu" kwa sauti ya chini, akakaa palepale kwenye mfuko wa mkaa. Tulisubiri baba agombe. Hakugomba. Aliweka jembe chini, akavaa shati la kanisani, akatembea mpaka parokiani kumwona padri, na hakurudi mpaka jioni. Aliporudi alituita wote tukakaa mkekani.

Akasema padri amemwambia kwamba ahadi ya mama ni ya mama, haimfungi mtoto, na kwamba nyumba ya watawa haipokei msichana aliyeletwa kwa kamba. Sikuwahi kumwona baba akitafuta maneno, mtu ambaye aliwahubiria watu kila Jumapili ambayo padri hakufika.

"Nimekuamuru tangu hujatambaa," akamwambia dada. "Leo nakuuliza. Unataka, au hutaki? Ukisema hutaki, imekwisha. Hakuna atakayekugusa wala kukusema."

Nilikuwa nimeshamwona Sista akirudi, safari hii akinishika mimi kichwani. Hata vitambaa ningejifunza, ningefumua na kushona mpaka vidole vitoke damu. Nilimwangalia dada mdomoni, namsukuma kwa macho aseme.

Dada akasema, "Nataka."

"Usiseme kwa kutuogopa," baba akamwambia.

"Siogopi, baba. Zamani nilikuwa naogopa, ndiyo maana sikujua kama napenda au vipi. Uliponiachia ndipo nikaona. Kusoma napenda. Sala za alfajiri napenda. Nitakwenda. Ila msiseme mmenipeleka. Naenda mwenyewe."

Mama alijifunika uso kwa khanga. Baba aliuchukua mkono wa dada akaushika kwa mikono yake miwili, akawa anacheka na kutikisa kichwa, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukitoa sadaka. Na mimi nikajua kwamba wivu nilioujua mpaka siku hiyo ulikuwa wa kitoto. Zamani nilikuwa na neno moja la kujifariji, kwamba huyu anasukumwa tu, hana lake. Sasa alikuwa ameitwa na amejiita, vyote viwili, mtu mmoja, na mimi sikubakishiwa hata ganda. Na aliyemwamsha aulize nilikuwa mimi, kwa mdomo wangu huu huu. Ningeweza kuung'ata.

"Na mimi je?" nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Wote wakageuka, nadhani hata walikuwa wamesahau kwamba nipo.

"Wewe nini, mwanangu?"

"Mimi nitakuwa nini? Nitakwenda wapi?"

Baba alikuwa bado ameshika mkono wa dada. Siwezi kumsingizia, macho yake yalikuwa yamejaa upendo. Alikuwa amejifunza jambo kubwa siku hiyo, na alitaka kulitumia papo hapo, kwa mtoto wa pili, asije akachelewa tena.

"Wewe fanya unachopenda," akaniambia. "Chochote utakachochagua, mwanangu, mimi sitakuzuia."

Alidhani ananipa kile kile alichompa dada. Lakini dada alikuwa na kitu cha kukataa. Mimi nilipewa ruhusa ya dunia nzima, na katika dunia hiyo nzima hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa anataka chochote kutoka kwangu.