Afande, Zima Hiyo Simu

Kuna video yangu nikiwa uchi. Hakimu ameiona. Mwendesha mashtaka ameiona. Karani naye kaiona.

Na mimi mwenyewe ndiye niliyekubali ichezwe.

Naitwa Shamimu, nashona na kuuza vitenge Mugumu. Mwaka juzi nilikuwa narudi kutoka Tarime na mzigo wangu. Kwenye gari nikakaa na mama mmoja mtu mzima, Philomena, mkulima wa Mbalibali. Alikuwa ametoka kumwona binti yake aliyejifungua. Akanigawia karanga, tukapiga stori kama watu tuliojuana miaka.

Kwenye kizuizi wakapanda askari. Chini ya siti yetu wakavuta mfuko.

Bhangi.

"Ya nani hii?"

Abiria wakageukia madirishani.

"Wewe mura," askari akamgeukia kijana konda, "ya nani?"

Konda hata hakufikiria. "Waulize hao wamama. Siti ni yao."

Tukashushwa.

Kituoni, na kituo sikitaji, tukaingizwa chumba kimoja na askari wawili wa kike. Mmoja akavaa glavu. Mwingine, binti mdogo tu anaitwa Modesta, akainua simu.

"Mtavua zote. Tunarekodi."

"Mnarekodi nini, afande?"

"Ndiyo utaratibu wa hapa siku hizi. Mtu akipekuliwa mwilini lazima irekodiwe, asije akasema kawekewa kitu au kashikwashikwa. Ni kwa faida yako."

Faida yangu!

Nikaanza mimi. Nikavua hijabu, nikavua gauni, nikavua kila kitu. Geuka. Chuchumaa. Kohoa. Nilikuwa nalia huku naikodolea macho ile simu. Nawaza kesho niko kwenye magrupu, Mugumu nzima inanitazama.

Hawakukuta kitu.

Zamu ya Philomena ikafika. Vidole vikamshinda kufungua vifungo. Mama wa miaka sitini! Akaniangalia mimi, siyo wao.

"Mwanangu, mimi nina wajukuu."

Uvumilivu ukaniishia. Nikaudaka mkono wa Modesta.

"Afande, zima hiyo simu. Huyu ni mama yako kabisa. Mpekueni, lakini zima."

Modesta akamtazama mwenzake. Mwenzake akainua mabega.

Akazima.

Philomena akapekuliwa. Hakukutwa na kitu. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu mawili.

Siku tatu baadaye tukasomewa mashtaka. Nikadhani masikio yameharibika. Eti mimi nimekutwa na kete kumi na mbili za bhangi ndani ya nguo za ndani. Philomena kete kumi na tano.

Ule mfuko wa chini ya siti haukuwa na mwenyewe, basi wakauhamishia miilini mwetu.

Tukasota mahabusu miezi minne. Ndipo akaja wakili wa msaada wa kisheria, kijana anaitwa Vicent.

"Dada Shamimu, ile video ipo. Mahakama inaweza kuamuru iletwe. Ila ujue, itatazamwa."

Mume wangu Saadi aliposikia, akasogea mpaka kwenye nondo.

"Afadhali ufungwe. Wanaume wakuone hivyo, mimi nitapita wapi mjini?"

"Na wanangu walelewe na nani, Saadi? Walelewe na hiyo aibu yako?"

Nikamwambia Vicent aombe video iletwe.

Siku hiyo hakimu alitoa watu wote ukumbini. Niliinamisha kichwa dakika zote sita. Nilisikia kilio changu mwenyewe kikitoka kwenye kompyuta. Halafu, wazi kabisa, sauti ya yule wa glavu:

"Hana kitu huyu."

Vicent akamgeukia Modesta, aliyekuwa kizimbani kama shahidi.

"Na ya mshtakiwa wa pili iko wapi?"

"Haipo. Tulizima."

"Kwa amri ya nani?"

"Hakuna amri. Aliyeomba ni mshtakiwa wa kwanza."

Sikuweza kumtazama Philomena.

Nikala kiapo nikamtetea mpaka sauti ikakauka. Hakimu akasema mimi ni mshtakiwa mwenzake, lazima nimtetee, na kila mtu anapimwa kwa ushahidi unaomhusu.

Mimi nikaachiwa huru.

Philomena, miaka mitatu.

Saadi alitangulia mbele yangu njia nzima. Tunaishi, ndiyo, lakini mpaka leo analala chumba cha watoto.

Nilipoenda gerezani kumwona Philomena mara ya kwanza nilijikaza nisilie. Nikashindwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, mimi ndiye niliyekufunga."

Akatikisa kichwa. Alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa.

"Waliponivua, wewe peke yako ulinisitiri. Hata leo wakiniuliza, nitasema izimwe."

Rufaa yake bado inasubiri tarehe. Nampelekea sabuni na mafuta.

Kwa hiyo wewe unayesoma, shika hili. Ukikamatwa, ukaambiwa uvue, dai simu iwake mwanzo mpaka mwisho. Kufa kwa aibu, lakini iwake. Aibu utatoka nayo mlangoni. Ikizimwa, kete watakuandikia.

Nasema hivyo kwa kinywa. Ila wakimvua tena mama kama yule mbele yangu, wallahi sijui mkono wangu utafanya nini.